Sanduku la titresheni: shajara ya mradi wa klabu ya kemia, Novemba hadi Juni

Wiki ya 1, Novemba

Mradi umebadilika kabla kazi haijaanza. Pendekezo la mwanzo la klabu yetu ya chuo lilikuwa maonyesho ya shuleni: povu la haidrojeni peroksaidi linaloruka kutoka kwenye chupa, moto wa rangi, maji yanayogeuka zambarau na kurudi. Wanafunzi hushangilia na picha hutoka nzuri, lakini gari likishaondoka shule inabaki na madoa mezani tu. Mtahiniwa wa kidato cha nne kwenye sekondari ya kata isiyo na maabara ataikuta bureti, mrija mrefu wa kioo wa kupimia kimiminika, siku ya mtihani wa vitendo, na wapo ambao hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuishika. Kwa hiyo sasa tunatengeneza sanduku la titresheni (kupima ukolezi wa mmumunyo kwa kuudondoshea mwingine hadi rangi ibadilike), moja kwa kila shule, linalobaki huko: makundi 8 ya wanafunzi 6, vipindi viwili vya dakika 40, na kila kitu ndani yake kinunulike duka la dawa, duka la vipuri au sokoni. Viwili tu havitimizi sharti hilo: bureti mbili za kioo na methili orenji, indiketa ambayo rangi yake huonyesha titresheni imefika mwisho.

Moto wa rangi umefutwa moja kwa moja, hata kwa kidato cha kwanza wanaoutaka. Mwaka 2014 American Chemical Society ilitaka onyesho la upinde wa mvua kwa methanoli kwenye meza ya wazi liachwe, baada ya wanafunzi kuungua kwenye shule kadhaa za Marekani. Kinachotokea hakina ajabu. Bakuli linaonekana limezimika, mtu anaongeza spiriti kutoka kwenye chupa kubwa, mvuke unashika, na chupa inatema moto kuelekea dawati la mbele. Mwali wa methanoli kwenye mwanga wa mchana karibu hauonekani.

Kuhusu tarehe: vyama vya wanafunzi wa kemia Marekani hujipanga kuzunguka Oktoba, mwezi wa Wiki ya Kemia na Siku ya Moli, tarehe 23. Hapa Oktoba haifai. Chuo ndiyo kwanza kinafungua, kidato cha nne wako ukingoni mwa mtihani, na hakuna mwalimu atakayetoa vipindi viwili wakati huo. Ziara zimepangwa Machi hadi Mei, kwa kidato cha tatu na cha nne.

Wiki ya 2

Barua. Inatoka kwa mlezi wa klabu, inapitia uongozi wa chuo, inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari. Mkuu wa shule hapokei wageni wa darasani kwa simu tu, na yuko sahihi. Rasimu ya kwanza ilisema "kutoa hamasa ya sayansi" na imerudishwa ikiwa na alama ya kuuliza pembeni. Rasimu ya pili imetaja kidato, mada, idadi ya vipindi, orodha ya kemikali na ukolezi wake, na jina la atakayehusika na usalama. Hiyo imepita. Halmashauri mbili, zote Mkoa wa Pwani.

Wiki ya 3

Asidi. Duka la vipuri huuza asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki yenye densiti ya 1.25 hadi 1.28, yaani karibu molari (moli kwa kila lita) 4.3 hadi 4.9. Kosa la kwanza la manunuzi ni la lugha. Aliyetumwa "maji ya betri" amerudi na lita 5 za maji yaliyoondolewa madini, ya kuongezea kwenye betri. Mitaani vitu vyote viwili huitwa kwa jina hilohilo, na muuzaji ametoa alichoulizwa. Hasara haikuwepo, kwa sababu maji hayo yanahitajika sana (tazama Machi), ila kuanzia sasa orodha ya manunuzi inasema "asidi kali ya betri, yenye lebo ya densiti". Chupa isiyo na lebo hainunuliwi hata kwa nusu bei.

Hesabu: lita 5 za molari 0.05 zinataka moli 0.25. Ukichukulia 4.5, ni mililita 55.6, tumepima 55. Ndoo ya plastiki yenye lita 4 za maji kwanza, asidi inamiminwa polepole huku inakorogwa, kisha maji yanajazwa hadi lita 5. Miwani na glavu kwa anayemimina na kwa anayeshika ndoo, na pembeni ndoo ya lita 20 yenye bomba, imejaa, bomba limejaribiwa. Asidi ikiingia jichoni ni maji yanayotiririka kwa dakika 15 zisizopungua, kope zimeshikwa wazi. Magadi na maziwa visikaribie jicho.

Asidi kali haitoki chuoni. Haipandi daladala, haipandi bodaboda, haiachwi shuleni. Kinachosafiri ni ile iliyokwisha kuchanganywa, kwenye madumu ya lita 5 yenye vifuniko viwili na lebo mbili, moja ubavuni na moja juu ya kifuniko, maana dumu likiwa kwenye boksi lebo ya ubavuni haionekani.

Ukolezi wa kweli wa asidi hii bado haujulikani. Unasubiri kaboneti itakayotumika kuupima.

Wiki ya 4

Kaboneti imekataa.

Mpango ni kutengeneza kaboneti ya sodiamu kutoka bekingi soda ya dukani. Bikaboneti ikipashwa moto hutoa maji na kaboni dayoksaidi, na gramu 100 zinapaswa kubaki 63.1. Onyo la dukani: bekingi soda, si bekingi pauda. Pauda ina wanga na asidi kavu ndani yake. Ukiitia kwenye maji inatoa povu yenyewe, na tone la tinkicha ya ayodini linaigeuza bluu-nyeusi.

Gramu 100 zimekaa kwenye sufuria refu juu ya jiko kwa dakika 15. Zimepimwa: 71.0. Aliyekuwa zamu ameona unga mkavu mweupe, akaridhika, akapima gramu 26.5 na kuziyeyusha kwenye lita 5 ili apate molari 0.05. Titresheni ya mililita 10 za mmumunyo huo kwa asidi yetu imetoa mililita 8.6 kwa methili orenji.

Peke yake 8.6 haisemi kitu, kwa kuwa asidi yenyewe haijapimwa. Kosa linaweza kuwa upande wowote. Kilicholitoboa ni fenolfthalini, indiketa nyingine ambayo ni waridi kwenye alkali. Kwenye kaboneti safi, waridi wa fenolfthalini hupotea katikati kabisa ya safari ya methili orenji, kwa sababu hapo ndipo kaboneti yote imekuwa bikaboneti. Uwiano huo hautegemei ukolezi wa asidi. Nusu ya 8.6 ni 4.3, sisi tumepata 3.4. Maana yake kuna bikaboneti ndani ambayo haikuwahi kuwa kaboneti. Hesabu ya uzito inasema vilevile: kilichopotea ni gramu 29 badala ya 36.9, karibu asilimia 79 ya kazi.

Sababu ni sufuria. Unga ulikuwa na kina cha sentimita nne, chini umeiva, juu bado, na mvuke umenaswa katikati.

Wiki ya 5

Kikaango kipana cha chuma cha pua, unga usiozidi sentimita moja, kijiko cha chuma kinachokoroga kila dakika mbili. Sufuria za alumini zimekatazwa, kwa sababu kaboneti yenye unyevu wa moto huila alumini na unga hutoka na vumbi la kijivu. Wakati wa kupoteza gesi unga huchemka kama uji mzito bila kuwa na maji. Ukitulia, kazi inakaribia kwisha. Dakika 30, poza kwenye chombo kilichofunikwa, pima. Dakika 10 nyingine, pima tena. Namba ikirudi ileile mara mbili, acha. Safari hii: 63.3, kisha 63.1, kisha 63.1.

Gramu 26.5 kwenye lita 5. Methili orenji 9.7, 9.7, 9.6. Fenolfthalini 4.8. Sasa ndiyo.

Ukolezi wa asidi: 0.05 × 10 ÷ 9.7, sawa na 0.0515. Asidi ya dukani ilikuwa karibu 4.7, ndani ya kiwango cha lebo. Kuishusha hadi 0.0500 ni kuongeza mililita 31 za maji kwa kila lita iliyobaki. Baada ya hapo: 10.0, 10.0, 9.9.

Hapa kuna jambo la kuudhi kidogo. Bikaboneti isiyopashwa kabisa, gramu 8.4 kwa lita, inatoa titresheni hiyohiyo ya 10.0 kwa methili orenji, kwa sababu gramu 8.4 za bikaboneti hupokea asidi sawa na gramu 5.3 za kaboneti. Kosa la wiki ya 4 lilionekana kwa sababu tulipima *baada* ya kupasha. Tungepima kwanza na kuyeyusha chote, methili orenji isingetuambia chochote. Tumeendelea na kaboneti kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye mitihani, moli moja kwa moja. Lakini njia ya mkato imeandikwa kwenye kadi ya mwalimu: pakiti zikiisha, bekingi soda mbichi, gramu 8.4 kwa lita, uwiano wa mbili kwa moja, na fenolfthalini isitumike.

Shule nyingi hazina mizani ya kuaminika. Kwa hiyo kaboneti inakwenda kwenye pakiti za gramu 5.3, kila pakiti kwa lita moja. Plastiki mbili, mdomo umekunjwa na kuunguzwa kwa mshumaa, maana kaboneti kavu hunywa unyevu wa hewa na uzito wake hudanganya.

Wiki ya 6

Mabomba ya sindano badala ya bureti kwa makundi 8. Tumenunua ya mililita 10 na ya mililita 1, bila sindano. Hili liko kwenye barua, limerudiwa kwa mkuu wa shule na linakaguliwa boksi linapofungwa.

Bomba la mililita 10 lina mistari ya 0.2. Makosa ni matatu. La kwanza ni povu la hewa chini ya mpira: elekeza ncha juu, gonga kwa kidole, sukuma hewa itoke, ndipo usome. La pili ni mpira wenyewe. Una pete mbili, na kati ya pete ya juu na ya chini kuna karibu mililita 1. Soma pete inayogusa kimiminika. Mtu akisoma pete ya nyuma mwanzo na mwisho, tofauti inabaki sahihi na kosa halionekani; akianza na moja na kumaliza na nyingine, ameongeza au amepunguza mililita nzima. La tatu ni mpira kukwama na kuruka ghafla, hasa tone la mwisho. Dawa yake ni kuzungusha kishikio badala ya kukisukuma.

Njia iliyofanya kazi: bomba kubwa lipeleke hadi karibu mililita moja kabla ya mwisho, bomba dogo limalizie. Kujua "karibu" kunataka jaribio la kwanza la haraka, na jedwali la mtihani lina safu hiyo tayari, ile ya pailoti. Wanafunzi wengi huijaza kama urembo. Hapa inakuwa na kazi.

Mabomba hayawezi kuchukua nafasi ya bureti kabisa. Bureti inasomwa kutoka juu kwenda chini, sifuri iko juu, na aliyezoea bomba tu ataisoma kinyumenyume. Ndiyo maana sanduku lina bureti mbili zinazozunguka: kila kundi lifanye angalau jaribio moja kwenye bureti kabla ya kipindi kwisha.

Desemba na Januari

Shule zimefungwa Desemba. Chuoni kuna majaribio ya katikati ya muhula, mahudhurio ya klabu yameshuka kama kila mwaka. Kazi ndogo tu.

Choya imejaribiwa kama indiketa badala ya methili orenji. Gramu 5 za maua makavu kwenye mililita 50 za maji yanayochemka, dakika 10, chuja. Nyekundu kwenye asidi, kijani kwenye alkali, inapendeza. Kwa titresheni ya kaboneti haifai. Kaboni dayoksaidi inayobaki kwenye maji huvuta mabadiliko ya rangi yawe ya polepole, kutoka kijani hadi kijivu hadi waridi, na watu watatu waliotazama glasi ileile wameita mwisho kwenye 9.0, 9.4 na 9.9. Tena ikikaa kwenye alkali rangi huharibika na kuwa njano. Choya imepelekwa kwenye kadi ya vidato vya chini, kwa kutambua ndimu, sabuni, magadi na soda. Ikichanganywa na spiriti theluthi moja haiozi haraka. Maji matupu hunuka siku ya tatu.

Methili orenji: gramu 0.1 kwa mililita 100 za maji. Matone mawili kwa mililita 10, basi. Anayetia matone manane "ili ionekane vizuri" hataona kitu, kwa sababu njano nzito na chungwa nzito zinafanana.

Wiki ya 11, Januari

Mafunzo ya wanaojitolea. Hakuna anayekwenda shule kabla ya kutoa majibu matatu yasiyopishana zaidi ya 0.2, mbele ya mwenzake, kwa bomba na kwa bureti. Waliodhani hili ni dogo kwa mwaka wa tatu wa kemia wameona wenyewe: wawili wamepoteza mililita nzima kwenye pete za mpira.

Zoezi la pili ndilo gumu. Anayejitolea anasimama nyuma ya kundi la wenzake wanaojifanya kidato cha tatu na kukosea makusudi, na mikono yake iwe mgongoni. Ataongea, atauliza, hatashika. Karibu kila mtu mkono umetoka ndani ya dakika mbili: "Hebu lete nikuonyeshe." Bomba likishatoka mkononi mwa mwanafunzi halirudi tena, naye anageuka mtazamaji. Kanuni imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku: MIKONO NYUMA. Isipokuwa kwa usalama.

Lugha. Maelezo yanatolewa kwa Kiswahili kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anauliza maswali ya kweli. Lakini mtihani ni wa Kiingereza, na somo lililopita lote kwa Kiswahili linamwacha bila maneno ya kuandikia. Kadi ya kundi ina maelekezo ya Kiswahili upande mmoja, na upande wa pili jedwali na sentensi za hitimisho kama zitakavyotakiwa kwenye karatasi ya mtihani. Anayejitolea anasema neno la Kiswahili, kisha la mtihani, kisha mwanafunzi analiandika la mtihani.

Februari

Mitihani ya chuo. Hakuna kazi. Madumu yamekaguliwa mara moja, asidi haijabadilika.

Sanduku limefungwa hivi: bureti 2 na vishikio vyake, mabomba ya mililita 10 kumi, ya mililita 1 kumi, glasi angavu za plastiki 20, faneli 2, karatasi nyeupe 8 za kuweka chini ya glasi, chupa ya matone ya methili orenji, pakiti 10 za kaboneti, dumu la asidi lita 5, maji ya betri lita 5, miwani 10, kadi 8 za makundi na moja ya mwalimu, daftari la matumizi. Kundi moja hutumia karibu mililita 60 za kila mmumunyo pamoja na kusuuzia, makundi 8 ni chini ya nusu lita. Lita moja ya kila kimoja kwa mkondo inaacha akiba ya kumwagika, na kumwagika kupo.

Machi, shule ya kwanza

Ratiba iliyofuatwa: dakika 10 maelezo, 5 kusuuza, 50 titresheni, 15 hesabu na kuosha. Mwalimu wa somo ndiye aliyefungua kipindi, klabu imesimama pembeni. Jibu lililotarajiwa ni 10.0.

Makundi matano yamepata kati ya 9.8 na 10.2. Mawili yamepata 10.6 na 10.7, moja 10.5. Sababu zimepatikana kwa kuuliza walivyosuuza. Yale mawili yamesuuza *glasi* kwa mmumunyo wa kaboneti, kwa mantiki ya "kila chombo kisuuzwe kwa kitakachoingia ndani yake". Mabaki ya zaidi ya nusu mililita ukutani na chini ya glasi yanaongezeka juu ya zile mililita 10 zilizopimwa. Glasi inasuuzwa kwa maji tu, na ikibaki na maji haina neno, kwa sababu maji hayaongezi moli za kaboneti. Kundi la tatu limefanya kinyume: bomba la asidi limesuuzwa kwa maji na kujazwa likiwa bado limelowa, asidi ikapungua nguvu. Makosa tofauti, jibu limepanda upande uleule. Hii imeandikwa upya kwenye kadi kwa maneno manne: *glasi maji, bomba mmumunyo.*

Dakika 50 hazikutosha kwa kila kundi kufika kwenye bureti. Kuanzia ziara ijayo bureti zinaanza na kundi la 1 na la 8 tangu dakika ya kwanza, bila kusubiri waliomaliza.

Machi, shule ya pili

Mwalimu alitaka kuandaa mwenyewe siku moja kabla, na hilo ndilo tunalolitafuta. Alitumia pakiti moja na lita moja ya maji ya kisima cha shule. Asubuhi mmumunyo ulikuwa umechafuka kama uliotiwa chokaa. Makundi ya kwanza yalipata 10.1. Ya mwisho, yaliyochota chini ya jagi, 10.6.

Maji ya kisima yalikuwa na kalsiamu na bikaboneti. Kaboneti imeiangusha kalsiamu kama unga mweupe, na unga huo nao hula asidi, kwa hiyo anayechota juu na anayechota chini wana vimiminika viwili tofauti. Tumepima maji yenyewe: mililita 100 na matone ya methili orenji, asidi yetu, 4.1. Hiyo ni karibu milimoli 4 za bikaboneti kwa lita, asilimia 4 juu ya nguvu ya kaboneti ya pakiti. Kosa la 0.4 kwenye 10 halitokani na mkono wa mwanafunzi.

Suluhisho ni maji ya betri au maji ya mvua ya bati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Kipimo cha mililita 100 kimeongezwa kwenye kadi ya mwalimu: ikiwa maji yanakula zaidi ya 0.5 ya asidi, yasitumike kuyeyushia. Kuoshea vyombo yanafaa, suuzo la mwisho liwe la maji safi.

Mwalimu ameomba kipimo hicho kiwe somo lenyewe. Sawa kabisa.

Aprili, shule ya tatu na ya nne

Shule ya tatu: hakuna jipya. Majibu 9.8 hadi 10.2, bomba moja limekwama, limetupwa.

Shule ya nne ina kidato cha nne walioimudu titresheni, kwa hiyo wamepewa magadi ya sokoni. Magadi yanayotoka Ziwa Natron, na Ziwa Magadi la Kenya, kwa sehemu kubwa ni chumvi pacha: moli moja ya kaboneti, moja ya bikaboneti na mbili za maji, gramu 226 kwa moli. Gramu 5.65 zimeyeyushwa, zimechujwa kwa pamba, zimefikishwa mililita 500. Magadi safi kabisa yangetaka mililita 5.0 kwa fenolfthalini na 15.0 kwa jumla. Darasa limepata 4.2 na 13.1. Usafi ni 13.1 ÷ 15.0, asilimia 87. Kilichobaki ni mchanga ulioonekana kwenye pamba, na chumvi ya kawaida, ambayo titresheni hii haiioni. Uwiano wa moja kwa tatu umeshika vizuri, kitu ambacho kaboneti tupu isingetoa.

Swali la nyuma ya darasa lilikuwa zuri kuliko maandalizi yetu: kama fenolfthalini inaonyesha theluthi na kwenye kaboneti inaonyesha nusu, je, mtu akichanganya magadi na bekingi soda atagundulika? Atagundulika, kwa sababu theluthi itashuka. Limeingizwa kwenye kadi kama swali la 6.

Mei, shule ya tano

Wameomba uchambuzi wa chumvi pia. Tumetumia mrututu (salfeti ya shaba), shabu na chumvi ya mezani, ukolezi mdogo, matone kwenye vifuniko vya chupa badala ya mirija. Mrututu na tone la amonia hutoa mashapo ya bluu hafifu, na amonia ikizidi inakuwa bluu nzito ya wino. Hii inafundisha kutia kidogokidogo kuliko hotuba yoyote. Chumvi za risasi hazikuletwa na hazitaletwa.

Taka za titresheni ni salfeti ya sodiamu na maji, zinamwagwa na maji mengi. Taka za mrututu hazimwagwi, shaba inaua samaki na konokono wa mfereji. Zimekusanywa kwenye dumu la mdomo mpana, zimetiwa mabaki ya kaboneti hadi mashapo ya kijani-bluu yaache kuongezeka, zimelazwa usiku mmoja. Maji ya juu yakiwa angavu bila bluu yoyote yanamwagwa. Tope limerudi chuoni kwenye chombo cha taka za metali.

Juni, ufuatiliaji

Daftari za matumizi zimesomwa katika shule zote tano. Sanduku la shule ya kwanza limetumika mara sita tangu Machi, la nne mara tano, la pili na la tano mara mbili kila moja. La tatu halijafunguliwa. Lilikabidhiwa kwa ofisi kwa sherehe kidogo, likaandikwa kwenye leja ya mali, likafungiwa kabatini kwa usalama, na mwalimu wa kemia hana ufunguo. Kosa hilo ni la makabidhiano yetu, ofisi imefanya inavyofanya kwa kila kitu cha thamani. Fomu mpya ya makabidhiano inasainiwa na mwalimu wa somo, bureti mbili tu zinaingia kwenye leja, vilivyobaki vinaandikwa "vya kutumika na kuisha". Ufunguo wa pili umechongwa wiki hii.

Kilichoharibika: bureti moja imevunjika ncha, mabomba 11 yamekwama mpira. Yaliyokwama karibu yote yalihifadhiwa yakiwa yamefungwa na asidi ndani. Yaliyooshwa na kuwekwa vishikio vikiwa vimechomolewa bado yanateleza. Mstari huo umehamishwa kutoka chini ya kadi kwenda juu.

Pakiti za kaboneti zimeisha shule ya kwanza. Mwalimu amehamia bekingi soda, gramu 8.4, kwa mizani ya duka la jirani, na jedwali lake la mwisho linasoma 10.1, 10.0, 10.1.

Kabla ya wanachama kwenda field: pakiti 60, asidi lita 25 ipimwe upya kwa sababu ni chupa mpya ya duka jingine, na barua ya halmashauri ya tatu ipitie kwa mlezi kabla hajaondoka.